Nimechora hatua 7 za nauplio, kitabu chasema ni 6. Nifute ipi?

BintiNgomeni

Asalam aleikum wanajukwaa, na wengine wote hamjambo.

Nafanya kazi kwenye mabwawa ya samaki upande wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mwatiko hawatusumbui, vifaranga vyao vyaja vyenyewe na maji ya bamvua, kazi yetu ni kuvikinga tu. Taabu ni tafi. Bosi alitaka tuwaangue wenyewe, tukawaangua. Siku ya tatu wakaanza kuelea kichwa chini, siku ya tano tenki likawa maji matupu. Tulikuwa tumewapa Artemia, kile kidudu cha maji ya chumvi cha kulishia vifaranga. Baadaye ndipo tukaambiwa kuwa Artemia akitoka tu yaini ana karibu nusu milimita, na huyo tafi mchanga, mwili mzima, ni milimita mbili na kitu. Ni kama kumpa mtoto anayenyonya mkate wa mofa mzima na kumwambia haya kula.

Sasa tunamtafutia watoto wa kopepodi. Kwa asiyemjua, kopepodi ni jamii ya kaa na kamba, lakini mtu mzima wao ni milimita moja au chini yake, na anaelea na maji. Mtoto wake akianguliwa huitwa nauplio, na huyo ni sehemu ya kumi ya milimita hivi. Hapa kwetu kila kidudu cha majini mtu akuambia ni uduvi. Si uduvi! Uduvi unauona kwa macho na unaupika kwa nazi. (Na lile neno la shuleni, "mabuu", nimeliacha tangu mpishi wetu aliposikia kuwa nachota mabuu kwa ndoo ya jikoni.)

Nimeshona soksi ya kitambaa cha matundu ya mikromita 60, naikokota kwa mtumbwi kwenye mkondo wa mikoko maji yakijaa, kisha naangalia kwa hadubini yetu kuukuu. Bosi akasema chora hatua zote za kukua kwa nauplio, tubandike ukutani, kila zamu ijue inalisha nini. Nikachora 7 kwenye karatasi ya manila, kuanzia mdogo mpaka mkubwa. Akaja mgeni mmoja msomi, akatazama kama dakika moja, akasema nauplio wa kopepodi ana hatua 6, futa moja. Ipi? Akasema, "Utajua mwenyewe." Akapanda gari.

Picha zimekataa kupanda hapa, kwa hiyo naeleza kwa maneno:

Wa 1 ni kama yai, jicho moja jekundu katikati ya paji, jozi tatu za miguu. Wa 2 ni vivyo hivyo ila mrefu kidogo, nyuma ana singa. Wa 3 ana umbo la ngao, na pembe mbili zimetokeza kwenye kona za mbele kama ndama, na mkia mmoja mkali. Wa 4 ni mpana kama sarafu, haogelei sana, yeye atambaa chini ya kisahani. Wa 5 ni mwembamba, nyuma kumekaa upande upande. Wa 6 ni kama wa 1 aliyevutwa, na tumboni kwa nyuma kuna vitu vimekunjwa. Wa 7 amekwisha kuwa na mkia wa panda na kiuno, kama kopepodi mdogo.

Nifute yupi? Na anayejua kueleza hatua hizi vizuri hufanyaje? Mimi nimepima urefu wa kila mmoja, lakini vipimo vyaingiliana.

---

MaalimHadubini

Wa aleikum salaam, binti yangu. Usifute kitu bado. Huna hatua 7 za mnyama mmoja, una ukoo mzima umekaa kwenye picha moja ya harusi.

Wa 3 hahitaji hata hadubini nzuri. Pembe za kwenye kona za mbele ni za watoto wa vile vigamba vigumu vinavyoshika tumbo la jahazi na nguzo za gati. Hao nao ni jamii ya kaa, ingawa ukiwaona wakubwa huwezi kuamini. Ni mwaka 1830 ndipo John Vaughan Thompson alipoonyesha, kwa kufuata watoto wao, kuwa si jamii ya chaza. Kopepodi hana pembe hizo katika hatua yoyote. Wa 4, mpana na mtambaaji, kwa maelezo yako ni wa kundi la kopepodi wanaoishi chini, kwenye mchanga na majani. Umemkokota kwa sababu mkondo wako una kina kifupi. Na wa 7 si nauplio tena. Huyo ni kopepoditi wa kwanza, yaani kijana aliyekwisha kupata umbo la kopepodi mkubwa, darasa jingine kabisa.

Wamebaki wanne, na huyo wa 5 mwenye nyuma ya upande namtilia shaka.

Usijione mjinga. Otto Friedrich Müller, Mdenmaki, mwaka 1785 aliwaona hawa wadogo akadhani ni wanyama wazima, akawapa jina lao wenyewe: Nauplius. Jina la mnyama ambaye hayupo, nasi twalitumia mpaka leo kwa watoto.

Sasa urefu. Weka rula pembeni. Nauplio wa hatua ya tatu wa aina moja aweza kuwa mkubwa kuliko wa tano wa aina nyingine, na hata ndugu wa mama mmoja hutofautiana wakipata au wakikosa chakula. Kinachoeleza hatua ni viungo na singa, kwa sababu hivyo haviongezeki polepole. Huongezeka kwa mkupuo mnyama akijivua gamba. Kati ya gamba na gamba, idadi haibadiliki.

Nauplio ana jozi tatu tangu azaliwe. Ya kwanza ni vipapasio visivyo na matawi. Ya pili ni vipapasio vilivyogawanyika panda. Ya tatu ni taya, nazo panda vilevile, na wakati huo anaogelea nazo kuliko kutafunia. Wa hatua ya kwanza ni wa mviringo, nyuma ana singa mbili tu, na katika aina nyingi hali kitu, anaishi kwa kiini cha yai. Kwenye hatua ya tatu au ya nne tazama nyuma ya taya: kuna kichomozo kimeanza, ndiyo jozi ya nne. Kisha vinafuatana. Wa sita sehemu ya nyuma imerefuka, na chini ya tumbo kuna chipukizi za miguu miwili ya kwanza ya kuogelea, zimelala kama mikono ya mtoto aliyefungwa nepi. Hivyo ndivyo "vitu vilivyokunjwa" ulivyoviona kwa wa 6 wako. Umeona sawasawa.

Akijivua hapo, anatoka mtu mwingine. Mwili umegawanyika kifua na mkia, na jozi mbili za miguu zinapiga maji. Kuanzia hapo kazi ni rahisi, hesabu miguu na pingili: mwanzoni kila gamba likivuliwa jozi inaongezeka na pingili inaongezeka, na jozi zikitimia hesabu pingili. Wa sita wa daraja hilo ni mtu mzima, havui tena.

Kuhusu kuelezea, ushauri wangu mmoja, na nimechelewa miaka kuujua: usikusanye kutoka baharini ukapanga kwa ukubwa. Anza na mama. Tafuta jike aliyebeba mayai. *Oithona* ni mzuri, ana mifuko miwili ya mayai, kushoto na kulia ya mkia, kama punda na shogi lake. Mtoe kwa pipeti, mweke peke yake kwenye maji uliyoyachuja, mpe mwani mdogo wa kwenye tenki lenu. Watoto wakitoka, hata kama hujui jina la kitaalamu, unajua jambo moja kwa hakika: wote ni wa mama huyu. Kisha tafuta magamba wanayovua chini ya kisahani. Kopepoditi wa kwanza akitokea, magamba ya mtoto huyo yawe 6. Yakiwa 6 umemaliza ubishi na huyo mgeni, na hukufungua kitabu.

Ya kuchora: wakirukaruka, tia matone machache ya maji ya soda, yale ya gesi yasiyo na sukari, watalewa. Kabla ya kufunika na kioo, weka nywele mbili kandokando, la sivyo utachora chapati. Gliserini usimtie yote mara moja, atasinyaa. Anza na nyembamba iliyochanganywa na maji, uache ijikaushe siku moja mbili. Chora kwa upande wa tumbo. Na uandike kila hatua kwa mpangilio uleule, kichwa mpaka mkia, singa ngapi ncha ya kipapasio, ngapi nyuma, hata pale ambapo hakuna kitu andika hakuna. Usipoandika, msomaji hatajua kama hakipo au hukutazama.

---

FugaTuPesa

Dada, wanakuzungusha. Mimi nina mabwawa Mambrui. Chukua vyandarua viwili, cha juu matundu 120, cha chini 50. Kinachopita cha juu na kukwama cha chini ndicho chakula cha kifaranga. Hatua ya pili, hatua ya tano, samaki hajui kuhesabu. Atameza kinachoingia mdomoni. Ukuta wenu upakeni rangi.

---

BintiNgomeni

Kaka, chandarua ninacho. Wiki iliyopita kilichokwama cha chini, mwenye pembe alikuwa zaidi ya nusu. Tafi wanamtema. Nimekaa nimewatazama: anaingia, anatoka, anaingia, anatoka, mwisho kifaranga kinachoka. Hapo ndipo nilipotaka kujua nani ni nani. Na maji ya Sabaki yakishuka kwa mvua, hicho cha chini chajaa tope tupu, si chakula.

Maalim, ahsante sana, shikamoo. Kesho maji yanajaa alfajiri, naenda na mtumbwi.

---

NahodhaWaShela

Salamu kutoka Shela. Mimi si mtu wa hadubini, mato yangu hata sindano hayaitungi tena. Lakini nimesoma yote yeo, na hapo kwenye wale wenye pembe nimesimama.

Miaka arubaini napandisha jahazi ufuoni maji yakipwa, tunakwangua tumbo, tunapaka deheni ya chokaa na mafuta, na miezi haipiti vimeshika tena. Baba yangu alikuwa akisema vyazaliwa na mbao yenyewe, kama kuvu. Nami nikiwaambia hivyo mabaharia wangu. Kumbe hao waja wakiogelea! Wana pembe! Maalim, washika vipi? Na jambo la pili: usiku wa giza ukipiga kasia huku kwetu maji yawaka, cheche kwenye ndia yote ya chombo. Je, hao kopepodi ndio wawashao?

---

MaalimHadubini

Nahodha, marhaba. Mwenye pembe anapitia hatua 6 za nauplio kama kopepodi, kisha anageuka kitu kama kidonge chenye magamba mawili kinachoitwa sipri. Sipri hali kabisa. Kazi yake ni moja, kutafuta nyumba. Anatembea juu ya mbao kwa vipapasio vyake viwili, anapima, anaondoka, anarudi, na akiridhika anatoa gundi kwenye vipapasio hivyohivyo, anajibandika kichwa chini. Hapo hang'oki maisha yake yote. Miguu iliyobaki juu ndiyo anayopungia chakula. Kwa hiyo unapokwangua, unakwangua watu waliosimama kwa vichwa. Mzee hakuwa na makosa sana, maana sipri mwenyewe hata kwa macho ya kijana ni punje tu.

Cheche: wako kopepodi wanaotoa mwanga, lakini zile za kwenye kasia karibu na pwani nyingi ni za viumbe vya seli moja tu, vikiguswa vinawaka. Kopepodi akivila navyo vinawaka.

FugaTuPesa, kwa kulisha uko sawa, chandarua kinatosha pale ambapo maji yako yana aina moja. Binti hakuuliza kulisha tu.

---

BintiNgomeni

Nimerudi, wiki tatu zimepita. Msinione nimewatupa.

Kumpata mama mwenye shogi kulinichukua siku nne, kwa sababu nikimvuta na pipeti mifuko inakatika. Dawa ni kuikata pipeti mdomo uwe mpana. Visahani hatuna, nikachukua trei ya barafu ya nyumbani, nyeupe, yenye vyumba 12. Mama alipofungua friji kutafuta barafu za ukwaju akakuta trei haipo, na mimi niko nayo kwenye meza nimeinamia. Akauliza, "Mna nini humo?" Nikasema watoto. Akaondoka bila neno. Mpaka leo hajaitaka.

Niliweka majike sita, kila mmoja chumba chake. Wawili walikufa. Chumba cha tano ndicho kilichonipa raha. Asubuhi ya pili mifuko ilikuwa mitupu na majini kuna vidoti vinaruka: vinatulia, vinaruka, vinatulia. Nikamtoa mama, nikabakisha mtoto mmoja tu ili magamba yasichanganyike. Kila siku asubuhi na jioni namulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, natafuta gamba.

Hamjaniambia kuwa gamba ni zuri kuliko mnyama! Mnyama ana nyama, ana utumbo wa kijani, mwanga haupiti. Gamba ni mnyama huyohuyo bila mwenyewe ndani. Kila singa iko mahali pake, safi, na haliruki. La tatu nilililaza kati ya nywele zangu mbili, nikahesabu singa za ncha ya kipapasio mara tano, mara zote nikapata namba ileile. Nilicheka peke yangu, mlinzi akaja kuchungulia.

Siku ya saba jioni nikaona mkia wa panda. Nikahesabu magamba kwenye kioo: 6.

Sasa ukutani. Wa 3, wa 4 na wa 7 nimewaondoa, Maalim ulikuwa sahihi wote watatu. Wa 5 naye nimemwondoa. Hakuna hatua hata moja ya chumba cha tano iliyo na nyuma ya upande, huyo ana mama yake kwingine. Kwa hiyo mgeni alisema nifute mmoja, nimefuta wanne. Aliyekuwa wa 1 si wa kwanza, ni wa pili. Wa 2 ni wa tatu. Wa 6 peke yake ndiye aliyekaa kwenye namba yake. Wa nne na wa tano nimewachora upya kutoka kwenye magamba. Mwenye pembe sikumtupa, nimembandika mlangoni na alama ya X nyekundu, kila anayechota maji akimwona mwingi kwenye kisahani arudishe ndoo baharini. Tafi wa awamu hii leo wana siku tisa.

Kimebaki chumba cha kwanza ukutani, kitupu. Hawa wanaangua usiku, na kukicha nawakuta wamekwisha kuvua, wote ni wa pili. Gamba lao la kwanza ni jembamba mno, limejikunja kama karatasi ya peremende. Singa mbili za nyuma nimeziona, umbo silioni. Jana nimepata jike mwingine, mayai yake yameanza kuonyesha vidoti vyekundu, nadhani ndiyo macho. Soda iko tayari, nywele ziko tayari. Kengele ya simu nimeiweka saa nane usiku.